Ufundi wa Kulitambua Gari Linalowaka na Kuzima

Tunapoutaja utamaduni wa taifa, aghalabu mawazo yetu hukimbilia ngoma, nyimbo, mashairi, vinyago na hadithi za wahenga. Hayo yote ni mali yetu, wala hatuna nia ya kuyapunguzia heshima. Lakini mwaka 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, jambo lililolikabili taifa jipya lilikuwa pana kuliko ngoma. Lilikuwa ni jambo la kuwarudishia watu imani kwamba wanazo akili zao, wanazo njia zao za kufikiri na kutenda, na kwamba waweza kuikabili dunia kwa njia hizo. Tukiutazama utamaduni kwa jicho hilo, tutaona kwamba yako maarifa mengi yaliyolelewa nchini mwetu, tena kwa lugha yetu, ambayo ni nadra kuyakuta katika vitabu vya utamaduni. Baadhi ya maarifa hayo yamo chini ya miembe, kando ya barabara, mahali ambapo wenyeji wa mijini hupaita gereji bubu. Jina hilo halikupatia, maana ni mahali pachache penye maneno mengi kama hapo.

Katika insha hii tumechagua tawi moja tu la maarifa hayo, nalo ni ufundi wa kutambua kasoro ya gari la zamani ambalo hukubali kuwaka, kisha likazima mara. Tumelichagua tawi hili kwa sababu ndilo linalompambanua fundi wa kweli na mtu wa kubahatisha. Gari lisilowaka kabisa halijasema neno. Kila kitu ndani yake chaweza kushukiwa. Gari lililowaka, hata kwa sekunde tatu tu, limekwisha kutoa ushahidi. Limethibitisha kwamba mgandamizo wa injini ulikuwapo, cheche ilikuwapo, na petroli ilikuwapo. Kwa hiyo swali la fundi halitakuwa "Nini hakipo?" bali "Nini kilikuwapo kikakatika, na kilikatika lini?" Hilo, kwa hakika, ni swali la mwanahistoria, na katika nchi yetu limeulizwa kwa Kiswahili kwa muda mrefu.

Gari Lilivyotufikia

Karl Benz, Mjerumani, alipata hati ya kuilinda motokaa yake mwaka 1886. Miaka 21 baadaye, tarehe 10 Agosti 1907, Luteni Paul Graetz wa jeshi la Wajerumani aliondoka Dar es Salaam kwa motokaa, akiwa na azma ya kulivuka bara la Afrika mpaka pwani ya magharibi. Alifika Swakopmund tarehe 1 Mei 1909. Safari ilichukua karibu miezi 21, kwa kuwa barabara zilikuwa chache, mito ilikuwa mingi, na kila kilichovunjika kilipaswa kungojewa au kuundwa upya. Vitabu vimelihifadhi jina la Graetz. Waafrika waliofyeka njia, waliobeba mizigo na kulisukuma gari kwenye matope, ni nadra kutajwa kwa majina. Tangu siku hizo za mwanzo, basi, gari katika nchi yetu lilikuwa na watu wa aina mbili: aliyelimiliki, na waliolifanya liende.

Lugha yetu ililipokea jambo hilo geni kwa namna yake. Neno "gari" tulikwisha kuwa nalo kutoka Bara Hindi, kwa maana ya mkokoteni, likapanda cheo. Majina ya vyombo vya ndani tuliyachukua kutoka kwa wenye vyombo: injini, plagi, kabureta, tairi, breki, gia. Lakini tukisikiliza kwa makini tutagundua jambo moja lenye maana kubwa. Majina ndiyo yaliyoazimwa, vitendo havikuazimwa. Gari huwaka, huzima, hukohoa, huchemsha, hula oili, hugoma. Na kazi ya kutambua kasoro haifanywi kwa majina, bali kwa vitendo. Fundi hamwulizi dereva, "Kabureta yako ina ugonjwa gani?" Humwuliza, "Lilifanyaje?" Kwa hiyo twaweza kusema bila woga kwamba chombo kilikuwa cha kigeni, na fikra ya kukitibu ikawa ya Kiswahili.

Walimu wa ufundi huu walitoka sehemu nyingi. Mafundi wa Kihindi, hasa Singasinga, walikuwa na karakana katika miji mingi ya Afrika Mashariki, na vijana wengi wa Kiafrika walianza kwa kuwashikia spana na kuosha vyuma. Vita Kuu ya Pili, ya mwaka 1939 hadi 1945, ilileta shule nyingine kubwa. Jeshi la Afrika Mashariki lilikuwa na vikosi vya madereva na vikosi vya mafundi wa mitambo, na waliokwenda Abisinia na Burma walirejea wakiwa wameyazoea maroli kama mkulima alivyolizoea jembe lake. Baadaye, mwaka 1957, chuo cha ufundi kilifunguliwa Dar es Salaam. Hata hivyo, walio wengi hawakupita chuoni. Walijifunza kwa macho, kwa mikono, na kwa makaripio ya mkubwa wao wa kazi.

Uhuru ulipopatikana, barabara zenyewe zikawa chuo. Novemba 11, mwaka 1965, walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wa hila, na Zambia ikabanwa njia ya mafuta. Maroli yakaanza kubeba mapipa kutoka Dar es Salaam kupitia Iringa na Mbeya, katika barabara ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika, mpaka bomba la mafuta la TAZAMA lilipoanza kazi mwaka 1968. Mengi ya maroli hayo yalikuwa ya dizeli, ambayo hayana plagi wala cheche. Lakini nayo yalikuwa na tabia ya kuwaka kwa mafuta yaliyosalia ndani ya chujio, kisha kuzima upepo ulipoingia bombani. Utingo wa roli aliyejua kulegeza nati moja na kupampu kwa mkono mpaka mapovu yakaisha na mafuta matupu yakatoka, huyo alikuwa mtu wa maana kuliko bosi wake, maana bila yeye hapana aliyefika.

Uhaba Ulivyomlazimisha Fundi Kufikiri

Mwaka 1973 bei ya mafuta duniani ilipanda ghafla. Mwaka 1979 ikapanda tena. Katikati ya hayo tulipigana vita vya Kagera, vya mwaka 1978 na 1979, na fedha za kigeni zikawa haba kuliko chumvi jangwani. Vipuri vilikuwa havipatikani, na vilipopatikana vilikuwa vya foleni, vya kibali, au vya kujuana. Sisi tuliokuwa watoto katika miaka hiyo twakumbuka magari yaliyosimama juu ya mawe kwa miezi kadhaa, yakingoja kitu ambacho kingetosha katika kiganja cha mkono.

Hatutaki kuusifu uhaba. Uhaba uliumiza watu: mazao yaliozea vijijini, na wagonjwa walikosa usafiri. Lakini yatupasa kusema kweli kwamba uhaba ulimlazimisha fundi kufikiri kabla ya kufungua. Maadamu hakuna pampu nyingine ya petroli katika wilaya nzima, huwezi kubadilisha pampu ili uone kama gari litapona. Huna budi kuwa na hakika kwanza kwamba pampu ndiyo mgonjwa. Na ukiisha kuwa na hakika, huna budi kuifungua, kukitazama kiwambo chake, na kukata kiwambo kingine kwa ngozi au mpira utakaovumilia petroli kwa siku chache. Hivyo ndivyo nidhamu ya utambuzi ilivyojengeka, nayo ilijengeka kwa utaratibu tunaotaka sasa kuueleza.

Swali la Kwanza: Lilizima Baada ya Muda Gani?

Fundi mzuri wa zamani alikuwa kama mzee wa baraza anayesikiliza kesi. Hakugusa kitu mpaka dereva amekwisha kusema. Na swali lake la kwanza lilihusu muda, kwa kuwa kila kasoro ina saa yake.

Gari likiwaka wakati ufunguo umeshikwa, na likazima papo hapo ufunguo unapoachiwa, shaka ya kwanza huangukia umeme. Katika magari mengi ya miaka ya 1960 na 1970, umeme uliokwenda kwenye koili ulipitishwa katika kizuizi kidogo, ili koili isiungue. Wakati wa kuzungusha stata, umeme ulipita njia nyingine bila kizuizi, ili cheche ipate nguvu. Kizuizi kikikatika, njia ya stata hubaki nzima na njia ya safari huwa imekufa. Dereva huona muujiza. Fundi huona waya mmoja.

Gari likiwaka likiwa baridi, huku choki imevutwa, kisha likazima mara choki inaporudishwa, maana yake ni kwamba mchanganyiko una hewa nyingi na petroli kidogo. Choki huizuia hewa, na kwa hiyo hulificha kosa. Ikiondolewa, kosa hujitokeza. Hapo fundi hutafuta mambo mawili: ama tundu jembamba la petroli ndani ya kabureta, liitwalo jeti, limezibwa na uchafu, ama hewa inaingia kwa wizi kupitia gasketi iliyopasuka au mpira uliochomoka.

Gari likiwaka vizuri, likanguruma kwa nusu dakika au dakika mbili, kisha likafa, shaka huhamia kwenye njia ya petroli. Kabureta ina bakuli dogo lenye boya ndani yake, mfano wa boya la tangi la maji. Bakuli hilo huweka akiba. Gari huwaka kwa akiba hiyo. Ikiisha, na pampu haileti nyingine, safari imekoma. Ukingoja kidogo, tone kwa tone bakuli hujaa tena, gari huwaka tena, na asiyejua hudhani limepona.

Gari likienda kilometa chache ndipo likazima, mafundi wa zamani waliufungua kwanza mfuniko wa tangi. Petroli inapotoka tangini, hapana budi hewa iingie mahali pake, na hewa hiyo, katika magari mengi ya zamani, hupitia kitundu kidogo katika mfuniko. Vumbi likikiziba kitundu hicho, tangi hujinyonga lenyewe. Mfuniko ukifunguliwa husikika mvumo wa hewa inayoingia, na gari huwaka bila kuguswa kitu kingine.

Gari likizima baada ya kupata joto, na likakubali tena baada ya kupoa, washukiwa huwa wawili. Wa kwanza ni koili au kondensa, ambavyo hufanya kazi vikiwa baridi na huchoka vikipata moto. Wa pili ni petroli yenyewe kuchemka ndani ya bomba lililo karibu na injini, ikageuka mvuke ambao pampu haiwezi kuusukuma. Mtihani wake ni mwepesi: kitambaa kibichi huwekwa juu ya pampu na bomba. Likiwaka baada ya hapo, mvuke umekiri kosa. Lisipowaka, fundi huigeukia koili.

Swali la Pili: Lilikufaje?

Muda peke yake hautoshi. Swali la pili lilikuwa juu ya namna ya kufa. Gari linalokosa umeme hufa ghafla, kama taa iliyozimwa. Gari linalokosa petroli hufa kwa kutapatapa: hukohoa, hushuka, huinuka kidogo kama mtu aliyekumbuka jambo, kisha hukata roho. Gari lililozibwa njia ya moshi, labda kwa tope au kwa tambara lililosahauliwa katika bomba la nyuma, huwaka kisha hulemewa polepole kama mtu aliyezibwa pua, na kadiri unavyokanyaga mafuta ndivyo linavyozidi kuzama.

Kwa hiyo sikio lilikuwa chombo cha kwanza cha fundi. Sisi tunaoshughulika na mashairi hatuoni ajabu katika hilo. Injini ya silinda nne huenda kama ubeti wa mishororo minne. Silinda moja isipowaka, mafundi husema gari linamisi, na sikio lililozoea hulihisi pengo lile kama linavyouhisi mshororo uliopungukiwa mizani, hata kabla ya kuhesabu.

Baada ya sikio likaja jicho, na jicho lilisoma plagi. Plagi nyeusi yenye masizi husema kwamba petroli ni nyingi kupita kiasi au cheche ni dhaifu. Plagi nyeupe iliyokauka husema kwamba petroli ni kidogo na joto ni kali. Plagi ya rangi ya kahawia husema kwamba hapo ndani hali ni njema, na kosa litafutwe kwingine. Pua nayo ilikuwa na kazi: harufu kali ya petroli kwenye moshi ilikuwa ushahidi kwamba injini imefurikwa, wala haikufa kwa njaa.

Ndipo mikono ikaanza. Na hapa palikuwa na sheria moja ambayo wakubwa wa kazi waliirudia mpaka ikachosha: gusa kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukisafisha plagi, ukarekebisha pointi na kupuliza jeti kwa pamoja, gari likapona, hutajua dawa ilikuwa ipi, na kesho litakapougua tena utaanza upya. Kwa hiyo fundi aliuchomoa mpira wa petroli kwenye kabureta, akautia katika chupa, akaagiza stata izungushwe. Petroli ikiruka kwa vipigo vyenye nguvu, pampu, chujio na tangi vimeachiwa huru. Ikichuruzika au ikitoka na mapovu, kesi imehamia huko. Alichukua balbu ndogo ya taa yenye waya mbili, akaigusisha kwenye koili, akatazama kama umeme unafika na kama unabaki ufunguo unapoachiwa. Alipima nafasi ya pointi, ambayo katika Land Rover za zamani za petroli ilikuwa milimita 0.35 hadi 0.40, na asiyekuwa na kipimo alitumia karatasi ngumu aliyokwisha kuilinganisha na kipimo cha mwenzake.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mafundi waliijua maana ya methali hiyo kuliko wengi, kwa kuwa madereva wengi walificha. Aliyenunua petroli ya magendo yenye maji, au iliyochanganywa na mafuta ya taa, hakupenda kusema mbele ya tajiri wake. Udanganyifu huo haukwisha pamoja na miaka ya uhaba. Tunajua kwamba mwaka 2010 EWURA ilianza kutia vinasaba katika mafuta ili kuyatambua yaliyochakachuliwa, na neno lenyewe "kuchakachua" likaenea nchini hata likatumiwa kwa mambo mengine mengi yaliyoharibiwa kwa hila. Fundi aliyetia petroli katika chupa safi na kuiacha itulie, akaona maji yamejitenga chini, alikuwa amekwisha kuupata ukweli bila kugombana na mtu.

Yasiyofaa Kurithiwa

Urithi hauchukuliwi wote kwa upofu. Yako mambo katika ufundi huu ambayo ni lazima yaachwe. Kunyonya petroli kwa mdomo kupitia mpira kuliwaumiza wengi. Petroli ikiingia mapafuni huyachoma na huweza kuua. Tena petroli ya miaka hiyo ilikuwa na madini ya risasi, sumu ambayo iliondolewa katika petroli ya nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ilipofika mwanzo wa mwaka 2006. Waliokuwa wakipuliza jeti kwa mdomo miaka 30 waliigusa sumu hiyo kila siku ya kazi, na hapana aliyewaambia. Hali kadhalika, kumimina petroli mdomoni mwa kabureta huku stata ikizungushwa, au kuijaribu cheche karibu na mpira ulioachwa wazi, ni kualika moto. Kipande cha sabuni kiliziba tundu la tangi kwa muda, maana petroli haiyeyushi sabuni. Lakini kilikuwa ni cha kumfikisha msafiri, hakikuwa tiba.

Zama za Wingi

Katikati ya miaka ya 1980 milango ya biashara ilianza kufunguliwa. Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha za kigeni walizokuwa nazo wenyewe, na katika miaka ya 1990 magari yaliyotumika Japani yakaanza kuwasili kwa wingi, pamoja na vipuri vilivyotumika. Nafuu iliyoletwa na mabadiliko hayo hatuwezi kuikanusha. Lakini pamoja na wingi wa vipuri kulizaliwa desturi mpya: kubadilisha kwanza na kufikiri baadaye. Gari likiwaka na kuzima, hununuliwa pampu, lisipopona, hununuliwa koili, lisipopona, huuzwa. Mwenye gari hulipa gharama ya vitu vitatu kwa kosa la kimoja, na taifa hutumia fedha za kigeni kununua vyuma ambavyo havikuwa vibovu.

Wako wanaosema kwamba utambuzi wa zamani umekwisha kazi, kwa kuwa magari ya sasa yana kompyuta. Hoja hiyo yafaa ijibiwe kwa upole. Kompyuta katika injini si jambo la jana: kampuni ya Bosch ilitoa mfumo wa umeme wa kupulizia petroli mwaka 1967, katika gari la Volkswagen. Na gari linaloitwa la zamani leo katika gereji zetu, aghalabu ni lile la miaka ya 1990 lenye mfumo wa namna hiyo. Hata hilo huwaka na kuzima, na hata hilo lina saa yake ya kuzima. Likiwaka na kufa baada ya sekunde moja au mbili, kila mara vilevile, huenda kinga ya wizi haikuutambua ufunguo. Likiwaka na kushindwa kunguruma bila kukanyagiwa mafuta, njia ndogo ya hewa ya mngurumo wa chini huenda imejaa masizi. Likizima ghafla baada ya kupata joto, kitambuzi cha mzunguko wa injini hushukiwa mahali pale pale ambapo zamani ilishukiwa koili.

Katika Toyota nyingi za miaka hiyo, fundi huunganisha matundu mawili ya plagi ya uchunguzi kwa kipande cha waya, na taa ya injini huanza kupepesa. Yeye huhesabu mipepeso, akapata namba ya kosa. Huo si uganga mpya. Ni kusikiliza kule kule, ila safari hii shahidi anasema kwa taa badala ya kikohozi. Na shahidi huyo naye yafaa ahojiwe: namba hutaja mahali palipolia, haitaji daima mahali palipoumia. Anayeisoma namba na kukimbilia dukani hana tofauti na yule aliyebadilisha pampu kwa kubahatisha.

Yatupasa Kufanya Nini

Somo la ufundi huu lapita gereji. Katika utumishi wa umma tumeona miradi iliyowaka kwa vishindo siku ya ufunguzi, ikanguruma kwa muda mfupi, kisha ikazima. Ni desturi yetu basi kubadilisha msimamizi, au jina la mradi, au rangi ya jengo. Ni mara chache tunapouliza kama wangeuliza mafundi wale: ulizima baada ya muda gani, na ulizimaje? Mradi uliokufa siku ufunguo ulipoachiwa na wafadhili, na mradi uliokufa pole pole kwa sababu kitundu cha hewa kiliziba mahali wananchi walipopaswa kusema neno, haviugui ugonjwa mmoja, wala havitapona kwa dawa moja.

Kuhusu ufundi wenyewe, iko kazi ya haraka. Waliojifunza katika miaka ya uhaba sasa ni wazee. Wengi hawakuandika neno, maana mikono yao ilikuwa na grisi na hapana aliyewaomba. Tunavyo vyombo vya kuifanya kazi hiyo. Baraza la Kiswahili la Taifa limekuwapo tangu mwaka 1967, nalo lina wajibu juu ya msamiati. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, nayo ina vyuo mikoani. Wanafunzi wa vyuo hivyo wangeweza kutumwa kwa wazee wa gereji, si kujifunza kufungua nati, bali kuandika maswali: fundi alimwuliza nini dereva, kwa mpangilio upi, na kila jibu lilimpeleka wapi. Majina ya vyuma twaweza kuyapata katika vitabu vya watengenezaji. Mpangilio wa maswali hauko huko. Umo vichwani mwa wazee hao, umetungwa kwa Kiswahili, na kila mmoja wao anapofariki sehemu yake huzikwa naye.

Ukiona vyaelea, jueni vimeundwa. Magari makuukuu yaliyobeba pamba, kahawa, walimu na wagonjwa katika miaka ile ngumu hayakwenda kwa baraka peke yake. Yalikwenda kwa sababu alikuwapo mtu aliyekaa juu ya jiwe, akamwambia dereva aliyekwisha kukata tamaa: "Haya ndugu yangu, liwashe tena, lakini safari hii tusikilize." Mtu huyo anastahili ukurasa wake katika vitabu vya utamaduni wa taifa letu, na ukurasa huo uandikwe angali yuko hai wa kuusahihisha.